Mpima Chumvi wa Lango la Kaskazini

Zawena aliacha kuuliza bei ya chumvi, akauliza habari nyingine kabisa.

"Mama," alisema, akiinamia katikati ya meza kana kwamba kweli palikuwa na mtu pale, "uliwahi kupata mtoto?"

Subilaga alijikuta anatabasamu. Katika miaka yote aliyoendesha michezo ya meza hapo Tukuyu, hakuwahi kumsikia mchezaji akimwuliza mpima chumvi swali kama hilo. Wachezaji huwa na haraka. Wanatupa dadu, wanapita lango, wanakwenda kumtafuta mfalme aliyeibiwa taji. Mtu aliyeko langoni wanamwuliza njia, na wakishaipata wamemsahau. Subilaga alijulikana kwa kuwachukua hao waliosahauliwa: mlinzi wa lango, mchota maji, mwenye nyumba ya wageni asiye na hata jina. Alijiuliza walikuwa wakifanya nini kabla mashujaa hawajatokea, na watafanya nini mashujaa wakishaondoka. Akipata jibu, hadithi nzima ilihama. Taji la mfalme lilibaki huko lilikoibiwa, na watu wazima walikaa mezani kutwa wakihangaika kujua kwa nini mchota maji hataki kurudi nyumbani.

Bi Sekwa naye alianza hivyo hivyo. Kwenye mpango wa kwanza wa Subilaga alipewa maneno matatu tu, mpima chumvi mkali. Sasa mchezo mzima ulikuwa wake.

Katikati ya meza, juu ya ramani ya milima, kilikaa kisemeo, kitu cha rangi ya majivu chenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Ndicho kilichowapa sauti watu hao wadogo. Subilaga aliwaandikia maisha na tabia. Kisemeo kiliwapa kumbukumbu na ulimi, wakajibu wenyewe, naye akasikia majibu yao kwa mara ya kwanza pamoja na wachezaji. Hilo ndilo alilolipenda zaidi katika kazi hii.

"Nilipata," Bi Sekwa alijibu. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, ya kukwaruza kidogo. "Mmoja. Hakuvuka siku."

Kidifu, bwana mpole mwenye miwani aliyehamia mjini wakati mmoja na Zawena, aliangusha dadu. Likabiringika mpaka chini ya kabati.

"Okota upesi," Bi Sekwa akasema, "kabla kuku hajadhani ni mahindi."

Wachezaji wakacheka. Subilaga hakucheka. Maneno hayo aliyasikia utotoni, jikoni kwa shangazi yake, kila kifungo kilipodondoka sakafuni. Alijiambia kwamba labda aliyaandika yeye mwenyewe mahali fulani, akasahau.

"Ulimpa jina?" Zawena aliuliza taratibu.

Bi Sekwa alishusha sauti.

"Ambokile."

Subilaga alilijua jina hilo. Shangazi Tusekile, dada wa baba yake, alimtajia mara moja tu, siku moja wakifua shuka, bila kuinua uso. Mtoto alikufa kabla ya kubatizwa, kwa hiyo kanisani hakuandikwa. Mume wa shangazi alikwishafariki. Walioujua ule uchungu kwa jina lake walikuwa wawili duniani.

Hapana. Watatu. Subilaga alikuwa amemwambia Lusekelo.

"Tuishie hapa leo," alisema, akakifunika kisemeo kwa kiganja.

Zawena akamtazama kwa mshangao. "Lakini ndiyo kwanza anaanza kufunguka."

"Nimesema tuishie hapa."

*

Lusekelo alikuwa kwenye karakana yao nyuma ya ukumbi, ameinamia kisemeo kilichofunguliwa tumbo. Walifahamiana tangu kidato cha kwanza. Walipoanzisha meza yao waligawana kazi bila hata kujadiliana: yeye alitengeneza sauti, Subilaga akatengeneza maisha.

"Sauti ya Bi Sekwa uliitoa wapi?"

"Ghalani. Sauti ya kubuni kama nyingine zote."

"Niangalie, Luse."

Hakumwangalia. Alichukua bisibisi, akairudisha palepale alipoitoa.

Sauti ya kubuni huchanganywa kutoka kwa maelfu ya watu hadi isiwe ya mtu yeyote. Hivyo ndivyo sheria ilivyotaka. Kumnakili mtu mmoja aliye hai kulihitaji dole gumba lake mbele ya hakimu, na sababu yake kila fundi aliijua. Kisemeo kikilishwa maongezi ya kutosha ya mtu mmoja hakiishii kuiga sauti. Kinajibu kama atakavyojibu yeye, hata lile swali ambalo hajawahi kuulizwa.

"Harusi ya ndugu yenu Tumpe," Lusekelo alisema mwishowe. "Nilikaa na shangazi yako jikoni kutwa nzima nikimenya ndizi, nina kinasa mfukoni. Na ile mara tuliyokwenda kumsaidia kuvuna maparachichi. Yaliyobaki ulinipa wewe."

"Mimi?"

"Ulikuwa ukinisimulia. Shangazi kasema hivi, shangazi kafanya vile. Nilikuwa nayahifadhi."

Subilaga alivuta kigoda akakaa. Alikumbuka jioni zote hizo baada ya wachezaji kuondoka, wao wawili wakifagia ukumbi, yeye akiongea tu kama mtu anavyoongea na ndugu yake.

"Kwa ajili ya nani?"

Lusekelo akasema. Ilikuwa ile kampuni ya mvuke, ile iliyokuwa ikichimba joto la ardhi kijiji baada ya kijiji. Kule Itebela majirani wote walikuwa wamekwisha kuiachia mashamba isipokuwa Shangazi Tusekile, na chemchemi ya maji moto ilikuwa katikati ya shamba lake. Walimtuma mwenyekiti wa kijiji, wakamtuma mchungaji, wakamtuma wakili kutoka Mbeya. Wote aliwapa maziwa ya mgando, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaaga. Kampuni ikaona kwamba haimjui huyu mama. Ikatafuta watu wa kumsoma.

"Kumbe yule mfadhili aliyetupa ukumbi huu ni kampuni," Subilaga alisema.

"Ndiyo."

"Na Zawena?"

"Ni wao. Yeye na Kidifu."

"Kwa hiyo mwaka mzima sikuwa na wachezaji."

"Walikuwa wachezaji wazuri kuliko wote tuliowahi kuwa nao," Lusekelo alijibu, na Subilaga akaona kwamba alisema kwa dhati, kana kwamba hilo lingemfariji. "Subi, nisikilize. Hakuna aliyemtisha shangazi yako. Hakuna aliyempunja. Wale wa kwanza walimwendea kwa ubabe. Sisi tulitafuta namna ya kumheshimu."

"Mlitafuta dirisha lisilo na komeo."

"Na nani aliliona?" Sasa alimtazama. "Mimi nilileta sauti tu. Aliyejiuliza huyu mama anafanya nini watu wakishaondoka ni wewe. Aliyegundua kwamba ukimwomba akufundishe kazi yake, ukakaa, na kesho ukarudi, atakupa mwenyewe funguo za lango, ni wewe. Uliwajengea sehemu nzima ya mchezo juu ya hilo. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, nikasema moyoni, huyu ni fundi."

Alikuwa anasema kweli. Subilaga aliikumbuka siku hiyo. Zawena alimwomba Bi Sekwa amfundishe kushika mizani, na Bi Sekwa, ambaye panga na hongo havikumtikisa, akamsogezea kiti. Subilaga alipiga makofi. Aliona fahari. Alirudi nyumbani akiimba.

"Zawena amekwisha kwenda kwa shangazi?"

"Anakwenda kila Jumapili. Anajifunza kusuka vikapu vya mianzi." Lusekelo akajikuna shingo. "Jumatatu shangazi anatia dole gumba kwenye hati ya shamba."

"Keshokutwa."

"Angekubali tu siku moja, Subi. Ni mzee, yuko peke yake. Na sisi tungepeleka meza hii nchi nzima. Ulikuwa unasema unataka."

Subilaga alisimama. Alikuwa na maneno mengi, lakini kila alilolishika lilimrudia mwenyewe. Alikwenda ukumbini, akakitia kisemeo kwenye mkoba, akaondoka bila kufunga mlango.

*

Asubuhi ya Jumapili gari la waya la kwenda Itebela lilikuwa tupu. Liliteleza juu ya mashamba ya chai, likayumba kila lilipopita nguzo, na chini kabisa mabomba ya kampuni yalipinda kufuata mabonde, meupe, yakitoa moshi mwembamba kwenye viungo.

Alitoa kisemeo, akakiwasha.

"Nani hapo?"

"Msafiri, mama."

"Karibu. Nilidhani ni yule msichana wangu. Nimemwekea kiti, naona leo amechelewa."

Usiku kucha Subilaga alikuwa amewaza namna ya kumtumia. Aliwaza kumwandikia Bi Sekwa usaliti mkubwa, awe mkali tena, awapoteze njia wanaomsoma. Lakini Zawena alikwishapata alichokitaka, na kumwumiza Bi Sekwa sasa kungekuwa kumwumiza tu. Halafu aliwaza jambo jingine. Ndilo lililomfanya akiwashe.

"Mama, naomba kukuuliza. Mtu wako wa karibu akitoa siri yako nje, bila kukusudia ubaya, akaja kukuungamia. Aseme nini usimfukuze?"

Kisemeo kikakohoa. Hata kikohozi kilikuwa cha shangazi.

"Sikiliza, mwanangu," kikaanza.

Subilaga akajua kwamba litakalofuata litakuwa lenyewe. Lingefanya kazi. Angepanda nalo kilima, angelitamka mbele ya shangazi yake, na shangazi angelainika bila kujua ni nani aliyetoa ufunguo. Angesamehewa kama lango lilivyofunguliwa.

Akakizima kabla hakijamaliza neno. Akakirudisha mkobani.

*

Aliwakuta barazani. Shangazi Tusekile alikaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kisu mkononi, akipasua mwanzi kuwa nyuzi nyembamba. Pembeni yake Zawena, amejifunga kanga ya shangazi, alikuwa akisuka kitako cha kikapu, ulimi umetokeza kidogo kwa kujitahidi.

"Subi! Ndaga, asante kwa kuja, mwanangu, karibu." Shangazi alifurahi kweli. "Njoo umwone huyu. Alianza hajui kushika hata kisu. Sasa angalia vidole. Binti wa watu ametoka mbali, anakuja kunisalimia kila wiki. Wewe wa hapo mjini tu nakuona sikukuu."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaa basi, mbona unasimama kama mdai?"

Zawena alikuwa ameacha kusuka. Aliutazama mkoba wa Subilaga, akaelewa.

Subilaga alikaa mbele yao. Hakuwa na mpangilio wa kusema, akaanza popote. Alisema msichana huyu ni wa kampuni. Alisema kuna kitu kinachoongea kama wewe, Shangazi, kimetengenezwa kwa maneno yako uliyorekodiwa jikoni kwa Tumpe, na watu hawa wamekaa nacho mwaka mzima wakijaribu huku na huku mpaka wakajua ni nini kinachokufungua. Na meza walipokuwa wanajaribia ilikuwa yangu. Sikujua. Lakini njia nilizichora mimi.

Shangazi alimsikiliza kama alivyomsikiliza yule wakili, bila kumkatiza. Kisha akamgeukia Zawena.

"Ni kweli hayo, mama?"

"Ni kweli," Zawena alijibu. Macho yalikuwa yamemjaa. "Lakini si yote yalikuwa kazi. Mimi mama yangu nilimpoteza nikiwa mdogo. Nilipokuwa nakaa hapa na wewe..."

"Hayo ya mama yako, nayo walikufundisha useme?"

Zawena aliinamia kikapu.

"Sitajua tena," shangazi alisema, bila ukali. "Hata kama ni kweli. Umeona ulichokifanya? Malizia huo mstari, usiuache wazi, utafumuka. Kisha kanga yangu uiweke pale kwenye kamba."

Zawena alimalizia mstari.  Akavua kanga, akaikunja, akaitundika, akapiga goti kuaga, akateremka kilima akijifuta uso kwa kiwiko.

Shangazi aliendelea kupasua mwanzi.

"Jumapili iliyopita aliniuliza kama niliwahi kupata mtoto," akasema. "Nikashangaa, nikaona labda Mungu ndiye aliyemtuma, maana hajawahi kuniuliza mtu. Nilikaribia kumtajia jina." Akauelekezea mkoba kidevu. "Hilo kopo lenu linalijua?"

"Linalijua, Shangazi."

"Jikoni kwa Tumpe sikulisema."

"Hukulisema."

"Mimi nilimwambia mtu mmoja tu."

"Mimi nilimwambia Lusekelo," Subilaga alisema. "Alikuwa kama ndugu yangu. Sikuona kama natoa kitu."

Kisu kilisimama. Shangazi aliuangalia mwanzi uliokuwa mkononi mwake kama mtu aliyesahau ulitoka wapi. Uso wake haukukunjamana wala hakulia. Ulitulia tu, ukawa uso anaowaonyesha wageni.

"Nipe hicho kitu."

Subilaga alikiwasha, akamwekea kwenye mkeka.

"Nani hapo?" kisemeo kikauliza.

Shangazi alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe, akajikaza. "Ni mimi. Mwenzako. Unafanya kazi gani?"

"Napima chumvi. Langoni."

"Wakija watu wakikuomba uwaachie lango, unawaachia?"

"Wengi niliwakatalia. Msichana mmoja nilimwachia. Alikaa nami." Kikakohoa. "Wengine wote walikuwa wamesimama."

Shangazi alifumba macho. Kisha akamwuliza Subilaga kwa sauti ya chini, kama watu wanavyozungumza mbele ya mgonjwa: "Huyu anamkumbuka mtoto?"

"Anakumbuka jina. Na kwamba alimpoteza. Mengine hatukuwa nayo."

"Kwa hiyo mmempa msiba bila maiti. Analia, hajui analia nini." Alitikisa kichwa. "Anazimwaje?"

"Kitufe kiko chini. Ukikibonyeza mara moja kinalala. Ukikishikilia mpaka taa ife, hakuna kinachobaki."

"Kaa nje kwenye ua, Subi."

"Shangazi, naweza kukusaidia..."

"Ondoka nimesema."

Subilaga alikwenda kusimama uani, karibu na migomba. Alimwona shangazi yake akikichukua kisemeo, akakiweka mapajani, akakiinamia. Akawa anaongea. Aliongea muda mrefu. Wakati mwingine alionyesha kwa mikono, urefu wa kitu kidogo sana, kutoka kiwiko hadi kwenye vidole. Akapitisha kiganja juu ya paji la uso wake kama anayeeleza nywele zilivyokuwa. Mara moja alicheka. Kisemeo nacho kilikuwa kikisema, sauti mbili za mtu mmoja zikipokezana, lakini maneno hayakufika uani, na Subilaga hakujaribu kusogea. Alitamani kuyasikia kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote.

Mwishowe shangazi aliweka dole gumba kwenye kitufe chini ya kisemeo, akakishikilia. Midomo yake iliendelea kucheza mpaka taa ikafa.

Alimwita, akamkabidhi. Bado kilikuwa na joto la mapaja yake.

"Kesho wakija nitawaambia hapana," alisema. "Na si kwa ajili yako. Huyu wa kwenye kopo aliniuliza chemchemi namwachia nani, nikaona sina jibu. Mtu asiye na jibu hatii dole gumba popote."

"Na mimi, Shangazi?"

"Wewe ni mtoto wa kaka yangu. Utakuja, utakula, ukitaka utalala. Hilo halibadiliki." Aliinuka kwa kujishika ukutani. "Lakini mambo yangu sina tena wa kumwambia. Niliyekuwa naye nimemzima sasa hivi."

Walikula ndizi za maziwa. Shangazi alimweleza kwamba ng'ombe amezaa, ndama dume, na kwamba barabara ya kanisani imechimbika, na kwamba jirani wa juu amepaka nyumba yake rangi mbaya. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, akimwongezea mchuzi kila sahani ilipopungua. Subilaga aliitikia, akauliza ndama anaendeleaje, akaambiwa anaendelea vizuri.

Siku zote shangazi alimsindikiza mpaka kituoni, akisimama kila hatua chache kuongeza neno, hata mara nyingine gari likamwacha. Siku hiyo alifika naye mlangoni.

"Usalimie mjini," alisema, akarudi ndani.